Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mashine za kupumulia za maski (CPAP na BiPAP)

Mama yangu analala na BiPAP nyumbani mwaka wa nne huu. Amepikia kuni na mkaa tangu akiwa binti, sigara hajawahi kuishika, na bado mapafu yake yakapata COPD, ule ugonjwa sugu unaoziba njia za hewa. Tangu watu wajue, simu haziishi, na maswali ni yale yale, kwa hiyo nimeyaweka hapa pamoja. Mimi sio daktari, namba za kuseti mashine mtapewa na daktari wenu, hapa naeleza nilichofundishwa wodini na nilichojifunza kwa kukaa na mgonjwa usiku na mchana.

Hii mashine inafanya nini hasa?

Inasukuma hewa. Ni feni ndogo ndani ya boksi, inavuta hewa ya chumbani kupitia filta, inaisukuma kwenye paipu mpaka kwenye maski iliyobana usoni, na ile presha inaingia mpaka kwenye mapafu. Hamna kitu kinachoingizwa kooni, hamna kukatwa shingo, mgonjwa yupo macho na anaweza kuivua.

Presha yake inapimwa kwa sentimita za maji. Ukitaka kuielewa, chukua mrija, uzamishe kwenye jagi la maji sentimita 10, alafu upulize mpaka mapovu yatoke. Nguvu uliyotumia pale ndio presha ya 10. Sio kubwa ya kupasua mtu kama wengi wanavyoogopa, ila ukiipata kila pumzi usiku kucha inabeba kazi ambayo misuli ya kifua ilikuwa imeshindwa.

Si angepewa oksijeni tu, mbona mtungi upo?

Hili ndilo swali naulizwa kuliko yote na hapa ndipo watu wanapoteza wagonjwa wao, naomba msome taratibu.

Mapafu yana kazi mbili, kuingiza oksijeni na kutoa hewa ukaa. Mtungi wa oksijeni, au ile mashine ya kuchuja oksijeni inayowekwa sebuleni, inasaidia kazi ya kwanza tu. Hausukumi. Mtu ambaye misuli yake imechoka, anahema juu juu, hewa inaingia kidogo inatoka kidogo, ukimpa oksijeni namba kwenye oksimita, kile kifaa cha kubana kidoleni kinachosoma asilimia ya oksijeni kwenye damu, itapanda vizuri na nyie mtafurahi, lakini hewa ukaa inaendelea kujaa kwenye damu na oksimita haioni hewa ukaa hata kidogo. Mama yangu mara ya kwanza alikuwa na oksijeni 96 na sisi tunashukuru Mungu, kumbe ule usingizi mzito aliokuwa analala mchana kutwa haukuwa wa kupona, alikuwa analewa hewa ukaa. Ilipopimwa gesi ya damu, ile ya sindano ya kwenye mshipa wa mkononi, hewa ukaa ilikuwa zaidi ya 80 wakati ya kawaida ni kati ya 35 na 45.

Na kwa mgonjwa wa COPD oksijeni nyingi kupita kiasi inaweza kuipandisha hewa ukaa zaidi, ndio maana wengi wao madaktari wanataka oksimita isome 88 mpaka 92 na sio 99. Kwa hiyo msiongeze lita wenyewe kwa sababu mmeona namba ni ndogo. Dalili za kuangalia ni kichwa kinachouma kila akiamka asubuhi, kusinzia katikati ya maongezi, kuchanganyikiwa, mikono kutetemeka akiinyoosha.

Mashine ya maski inasukuma, kwa hiyo kila pumzi inakuwa kubwa na hewa ukaa inatoka. Kama anahitaji na oksijeni, inaunganishwa kwenye paipu au kwenye maski, zote mbili kwa pamoja. Washa mashine kwanza ndio ufungue oksijeni, na wakati wa kuzima funga oksijeni kwanza. Na jiko, mshumaa, kiberiti na sigara vikae mbali na chumba hicho.

CPAP na BiPAP tofauti yake nini?

CPAP (watu wanasema sipapu) inatoa presha moja muda wote, ukivuta ukitoa ni ile ile. Inazuia njia ya hewa isizibe na vifuko vya mapafu visijikunje. BiPAP, yaani baipapu, ina presha mbili, ya juu unapovuta na ya chini unapotoa, na ile tofauti kati ya hizo mbili ndio inayomsaidia mtu kuvuta pumzi kubwa. Mama alianzishiwa 10 juu na 4 chini, wakawa wanapandisha taratibu. Kwa hiyo mtu akikuuzia CPAP akakwambia "zote zinafanya kazi moja", kataa. Mgonjwa mwenye hewa ukaa nyingi mara nyingi CPAP peke yake haimtoshi.

Ni wagonjwa gani wanasaidiwa?

COPD iliyochachamaa ndio ushahidi wake ni mkubwa kuliko wote. Wa pili ni mtu ambaye moyo umeshindwa ghafla na mapafu yamejaa maji, yule anayekaa kitandani hawezi kulala chali, anatoa povu, huyu CPAP inaweza kumbadilisha ndani ya saa moja wakati dawa za kutoa maji zinafanya kazi. Wapo wenye unene mkubwa ambao kifua kinashindwa kunyanyuka wakilala, wenye uti wa mgongo au mbavu zilizopinda, wenye magonjwa ya misuli na neva, na wale wanaokata pumzi usingizini. Pia wapo waliopona TB ikawaachia mapafu yenye makovu, hawa huku kwetu ni wengi na wanasahaulika sana, mtu anaambiwa TB imeisha basi kila akikohoa anaonekana mwongo.

Pumu na nimonia? Hapo madaktari wanaenda kwa uangalifu, wengine inawasaidia na wengine inachelewesha tu lile bomba la kupumulia la kooni ambalo walilihitaji mapema.

Ni kweli ukiwekwa kwenye mashine hutoki?

Hapana. Na hii imani imeua watu, nasema bila kuogopa. Wakati wa Korona ilisambaa sana, familia zinasaini kumtoa mgonjwa kwa sababu wamesikia neno mashine. Kinachotokea ni hiki, watu wanamkatalia mgonjwa maski Jumatatu akiwa bado ana nguvu, anakuja kuwekewa Alhamisi akiwa hajitambui, anafariki, alafu mtaa mzima unasema mashine imemmaliza.

Mwaka 1995 ulitoka utafiti wa hospitali kadhaa za Ulaya, wagonjwa 85 wa COPD waliozidiwa. Nusu walipewa matibabu ya kawaida na oksijeni, nusu wakaongezewa maski. Waliopewa matibabu ya kawaida, asilimia 74 waliishia kuwekewa bomba kooni. Wa maski asilimia 26. Vifo vilikuwa asilimia 29 kwa wale na asilimia 9 kwa hawa. Mimi daktari kijana aliponichorea hizo namba nyuma ya karatasi ya maabara, saa tisa usiku, ndipo nilipokubali. Kwa hiyo ukisikia daktari anasema "tumuwekee maski", mara nyingi anajaribu kumuepusha na lile bomba unaloliogopa.

Sasa mbona mgonjwa wetu wamesema maski haimfai?

Kuna sababu za kweli. Kama anatapika sana, akitapikia ndani ya maski yale matapishi yanaweza kusukumwa mapafuni. Kama hajitambui na hawezi kulinda koo lake, kama ameumia uso, kama hewa imevuja nje ya pafu na haijatolewa, kama makohozi ni mengi mno. Hapo bomba ndio salama zaidi. Na hata aliyeanzishiwa maski anatakiwa kuangaliwa kwa karibu, gesi ya damu irudiwe saa moja mpaka mbili za mwanzo. Muulize nesi kwa upole, "kipimo cha pili tunafanya saa ngapi?" Sio kosa kuuliza.

Watoto njiti nao wanawekewa?

Ndio, na hii ni habari nzuri kabisa. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati mapafu yake yanakosa ule utelezi unaozuia vifuko visishikane, kila pumzi anaanza kufungua upya mpaka anachoka. CPAP ya mapovu ni kitu rahisi, vibomba viwili vidogo puani, na paipu ya kutolea inazamishwa kwenye chupa ya maji, ukiizamisha sentimita 5 basi presha ni 5, ile ile hesabu ya mrija na jagi. Malawi, hospitali ya Queen Elizabeth pale Blantyre walishirikiana na chuo kikuu cha Rice cha Marekani kutengeneza ya bei nafuu inaitwa Pumani, na matokeo yaliyotoka 2014 yalionyesha watoto wenye shida ya kupumua waliopona walikuwa asilimia 71, wakati waliopata oksijeni peke yake ni asilimia 44. Mama ukiona mapovu kwenye chupa pembeni ya mwanao usishtuke, mapovu yakitoka ndio kazi inaendelea. Yakikata, ita nesi.

Mgonjwa anaivua maski, anasema tunamuua. Tumfunge mikono?

Msimfunge tafadhali. Jaribu wewe mwenyewe siku moja, mtu anakuja na plastiki anakuzibia mdomo na pua wakati tayari unahisi huna hewa, alafu upepo unakupiga usoni, ungekaa kimya?

Kwa mama usiku wa kwanza ilikuwa vita. Aliyetuokoa ni nesi mmoja wa zamu ya usiku, mtu mzima, hakuifunga ile mikanda kabisa. Alimwambia, "mama shika mwenyewe, weka, ukichoka toa." Mama akaishika kwa mkono wake, akaweka pumzi tano akatoa, akaweka kumi, nesi anahesabu naye taratibu "vuta... iache ikusukume... toa", mpaka baada ya kama dakika 20 mama mwenyewe ndio akasema funga. Presha nayo ilianzia chini. Mpaka leo huwa namwambia kila mtu, mkabidhi mgonjwa maski mkononi mwake. Akishajua kwamba akitaka anaivua, hofu inapungua nusu.

Mengine madogo: mkalishe, kichwa kiwe juu, usimlaze chali. Kaa upande anaokuona. Mpe kitu cha kugonga, kijiko au kengele, maana sauti haisikiki vizuri. Zuia wageni kumi wanaoingia wanalia. Na akiwa anahangaika ghafla baada ya kutulia, usidhani ni ukaidi tu, angalia paipu imejikunja, oksijeni imeisha, au hali imebadilika.

Maski inavuja hewa, tuweke plasta?

Ngoja kwanza. Maski nyingi za nyumbani zina matundu madogo kwa makusudi, pale mbele au kwenye kiungo cha paipu, ndipo hewa anayotoa mgonjwa inapopitia. Kuna familia moja niliyokuwa nao wodini waliyaziba kwa plasta usiku kwa nia njema kabisa, wanasema hewa inapotea. Mgonjwa akawa anavuta tena hewa yake chafu. Matundu hayo yasizibwe kamwe.

Mvujo mbaya ni ule wa pembeni, unaopiga machoni au mashavuni. Watu wanakaza mikanda, na kukaza zaidi kunaikunja maski inavuja zaidi. Legeza, inyanyue kidogo usoni ijae hewa, ishushe ikae, ndio ukaze usawa pande mbili. Inatakiwa kidole kimoja mpaka viwili vipite chini ya mkanda. Mgonjwa asiye na meno mashavu yanabonyea, kama ana meno ya bandia na yupo macho vizuri muulizeni daktari kama anaweza kubaki nayo. Na wazee wetu wenye ndevu, msiwalazimishe kunyoa, kwa wengi ndevu ni dini, kuna maski ndogo za puani zinazokaa juu ya ndevu, tatizo ni kwa anayepumua kwa mdomo tu.

Pua imeanza kuchubuka.

Pale juu kwenye mfupa wa pua. Usisubiri kidonda, ukiona wekundu usioondoka legeza mikanda, weka ile plasta laini ya vidonda kabla ya maski, na kama inawezekana badilisha aina ya maski. Usipake mafuta ya mgando usoni kabla ya kuvaa, maski inateleza na silikoni inaharibika.

Anaweza kula, kuongea, kuswali?

Mama anaitumia usiku, mchana anapika, anaswali, anagombana na wajukuu kama kawaida. Kwa mgonjwa wa wodini aliyezidiwa, maski inatolewa kwa dakika chache za uji, maji na dawa, baada ya nesi kuruhusu. Usimlishe ikiwa imevaliwa, na usimrudishie akiwa amekula sasa hivi na kulala chali. Tumbo kujaa gesi ni kawaida, ila likikaza na kuuma sema.

Umeme ukikatika?

Vua maski mara moja, feni ikisimama hakuna hewa mpya inayokuja. Hilo kila mtu nyumbani alijue, hata msaidizi wa kazi, hata mtoto wa darasa la nne.

Kwa mgonjwa asiyeweza kukaa bila mashine usiku, betri sio anasa. Hesabu yetu ni hii: betri ya volti 12 ya 100Ah inabeba kama wati-saa 1,200. Kama ni ya asidi usiimalize zaidi ya nusu, kwa hiyo una 600, na inveta inakula zake. Mashine ya mama bila kipasha maji, yaani kile kitenki cha maji kinachoipa hewa unyevu na joto, inatumia kama wati 40, masaa 8 ni 320. Inatosha usiku mmoja na kidogo. Ukiwasha kipasha maji matumizi yanaweza kufika mara mbili, kwa hiyo siku ya giza tunakizima. Soma kibandiko cha mashine yako maana zinatofautiana. Na kama mtengenezaji ana waya wa moja kwa moja wa betri ni bora kuliko kupitia inveta.

Kitenki tuweke maji gani?

Maji yaliyotoneshwa (distilled water) ya duka la dawa. Watu wengi wananunua "maji ya betri" kwenye vituo vya mafuta, naomba muwe makini mno, pale pale wanauza na asidi ya betri na chupa zinafanana. Mimi siyagusi. Mkikosa kabisa, yaliyochemshwa yakapoa kwa siku moja mbili, mkijua yataacha ukoko, hasa haya ya visima vya Dar na Pwani yenye chumvi. Mwaga kila asubuhi, osha na sabuni ya vyombo isiyo na harufu kali, anika kivulini. Maski futa kila siku, paipu osha kila wiki, filta usisahau, nyumba zetu zina vumbi.

Ndugu yupo Ulaya anataka kutuma iliyotumika, tupokee?

Inategemea. Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza mamilioni ya mashine zake zirudishwe kiwandani kwa sababu sponji ya ndani ya kupunguza kelele ilikuwa inaweza kumeguka na mgonjwa akavuta vipande au kemikali zake. Zile za zamani bado zinazunguka mikononi mwa watu. Kwa hiyo mwambie akutumie picha ya jina la modeli na namba ya mashine (serial number) nyuma, mhakikishe haikuwemo. Maski, paipu na filta nunua vipya. Na kabla ya kulipia usafiri muulize fundi au daktari nani ataiseti na kuisoma kadi yake ya kumbukumbu, maana mashine isiyosetiwa kwa mgonjwa wako ni feni tu.

Mume wangu anakoroma sana alafu anakaa kimya kama amekufa, ni hiyo hiyo?

Inawezekana dada, na usione aibu kumpeleka. Koo linajifunga, anakosa hewa, ubongo unamuamsha kwa mshtuko bila yeye kujua, inaweza kuwa mara 30 na zaidi kila saa. Presha ya damu inapanda, mchana anasinzia, na kama ni dereva hiyo ni hatari kwa abiria wote. CPAP ya tatizo hili ilianzia Sydney huko Australia, daktari Colin Sullivan na wenzake walitoa matokeo yao ya kwanza 1981. Anahitaji kipimo cha usingizi kwanza.

Akizoea ataitegemea maisha yote?

Mapafu hayalegei kwa sababu ya mashine, ugonjwa ndio unaamua. Aliyezidiwa na COPD wengi wanaachishwa ndani ya siku chache. Wanaobaki na hewa ukaa nyingi hata baada ya kutulia wanaweza kupewa ya nyumbani. Utafiti wa Ujerumani na Austria wa 2014 uliwafuatilia watu wa namna hii 195, waliotumia nyumbani waliofariki ndani ya mwaka ni asilimia 12, wasiotumia asilimia 33. Mama ananiuliza mara nyingi, "mwanangu, hii nitaiacha lini?" Huwa namjibu ukweli, kwamba hii ni kama miwani yako mama, ukivua huoni.

Lini tusisubiri asubuhi?

Midomo au kucha zikiwa za bluu. Akishindwa kumaliza sentensi. Mbavu zikibonyea ndani kila akivuta. Akiwa mgumu kuamka au anaongea visivyoeleweka, hata kama oksimita inasoma vizuri. Makohozi yakibadilika rangi pamoja na homa, hapo piga simu siku hiyo hiyo. Mkitoka bebeni mashine yake, maski yake na karatasi yenye namba alizosetiwa, sisi tuliisahau ile karatasi mara moja tu, walianza kutafuta presha upya usiku mzima, na sasa imebandikwa kwa gundi chini ya mashine.